Maswali ya Wasomaji: Darubini Inayoona Ukungu, Nyota Zenye Mikia na Pembe za Angani

SWALI: Nina darubini ya kioo yenye upana wa milimita 114 na urefu wa fokasi milimita 900. Boksi linasema inakuza mara 675. Nikitazama Mshtarii kwa ukuzaji huo naona doa lenye ukungu linalotikisika. Imeharibika?

JIBU: Darubini ni nzima, ila boksi limetiwa chumvi. Ukuzaji hupatikana kwa kugawa urefu wa fokasi wa darubini (umbali kutoka kioo hadi pale mwanga unapokutana) kwa ule wa lenzi ya jicho, yaani ile unayochungulia. Lenzi ya milimita 20 inakupa mara 45, na ya milimita 4 mara 225. Ukichomeka kati ya lenzi hiyo na darubini lenzi ya Barlow ya mara 3, yaani lenzi ya ziada inayozidisha ukuzaji mara 3, ndipo unapofika 675. Hesabu ni sahihi, lakini mwanga hautoshi: kukuza mara 3 zaidi kunafifisha sura ya sayari mara 9. Kikomo cha kawaida ni mara 2 kwa kila milimita ya upana, yaani takriban 228 kwa darubini yako, na hapo hewa iwe imetulia kwelikweli.

Anza na lenzi ya milimita 20. Mshtarii ukiwa karibu na Dunia una upana wa sekunde 45 hivi za pembe (sekunde ya pembe ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii), kwa hiyo ukiukuza mara 45 unaonekana mkubwa kidogo kuliko Mwezi unavyoonekana kwa macho matupu. Mikanda miwili ya mawingu na miezi minne itaonekana vizuri. Kama una fedha ya kuongeza kifaa kimoja tu, nunua lenzi nzuri ya milimita 10. Barlow ya plastiki iache kwenye boksi.

SWALI: Kila nyota kwenye darubini yangu ina mkia wa upande mmoja, hata nikifokasi vipi. Nifanye nini?

JIBU: Vioo viwili vya darubini, kikuu kilicho chini ya bomba na kidogo kilicho karibu na mdomo wake, vimehama, jambo la kawaida darubini ikisafirishwa. Anza kuvirekebisha mchana. Chukua kifuniko cha plastiki kinachokaa barabara pale pa lenzi ya jicho, ukitoboe katikati kabisa tundu la milimita 2, kisha uchungulie hapo. Kabla ya kugusa skrubu za kioo kidogo, laza bomba: bisibisi ikikuponyoka na bomba limesimama, itatua juu ya kioo kikuu.

Rekebisha kioo kidogo hadi uone ndani yake duara lote la kioo kikuu, pamoja na vibanio vyake vyote. Baada ya hapo nenda nyuma ya bomba. Kwa kawaida kuna skrubu tatu za kurekebishia na tatu za kufungia. Legeza za kufungia, zungusha za kurekebishia kidogo kidogo, mpaka kivuli cha tundu unalochungulia kiangukie kwenye alama iliyo katikati ya kioo kikuu.

Usiku, acha darubini nje dakika 30 hadi 45 ipoe. Kioo chenye joto la ndani ya nyumba huchemsha hewa iliyo juu yake, na hapo huwezi kupima chochote. Chagua nyota iliyo juu sana, ukuze mara 90 hivi, kisha utoe fokasi kidogo. Utaona pete, na kivuli cha kioo kidogo katikati yake. Kivuli kikiegemea upande, zungusha skrubu moja ya kioo kikuu sehemu moja ya nane ya mzunguko, rudisha nyota katikati ya uwanja, utazame tena. Ikiwa imezidi kuharibika, geuza mwelekeo. Kuirudisha katikati ni lazima, kwani nyota iliyo pembeni huwa na mkia hata vioo vikiwa sawa.

Ukimaliza, skrubu za kufungia zikaze kwa vidole tu. Ukizikaza kwa nguvu utakihamisha kioo tena. Nyota ikitokea na pembe tatu, vibanio vinakibana kioo: vilegeze hadi kipande cha karatasi kipite chini yake.

Tahadhari moja: darubini ya fokasi milimita 1,000 ndani ya bomba la nusu mita ina lenzi iliyofichwa kwenye bomba dogo la kufokasia. Hiyo inatatiza njia ya kuchungulia, hivyo tegemea zaidi jaribio la nyota.

SWALI: Nawezaje kupima kimo cha nyota bila kifaa cha kununua?

JIBU: Gundisha mrija kwenye ukingo ulionyooka wa kipimapembe cha nusu duara. Funga uzi kwenye kitovu chake na uning'inize nati nzito. Mrija ukiwa mlalo, uzi unapita kwenye 90. Lenga nyota, tulia nati iache kubembea, ubane uzi kwa kidole, kisha usome. Tofauti kati ya 90 na ulichosoma ndiyo kimo: uzi ukiwa kwenye 62, nyota iko digrii 28 juu ya upeo. Pima mara tano, uchukue wastani. Epuka nyota zilizo karibu na upeo, maana hewa huziinua kwa takriban nusu digrii. Jua usililenge kamwe.