Kiti cha Jenerali Eliáš

Mwanangu,

Nyumbani sote wazima, na kifua cha baba yako kimetulia. Jumapili ulipopiga simu baada ya kupanda kilima cha Vítkov huko Praha na wenzako wa chuo, uliniuliza: huyu Jenerali Alois Eliáš aliyezikwa pale kwa heshima za taifa, si ndiye aliyekuwa waziri mkuu chini ya Wanazi? Inakuwaje aitwe shujaa? Nilikujibu juu juu, na swali likanikaa moyoni.

Wajerumani waliingia Praha, mji mkuu wa Wacheki, Machi 15, 1939. Mwezi uliofuata Eliáš, askari wa zamani wa vikosi vya Wacheki vilivyopigana Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza, akakubali kuongoza serikali chini yao. Mchana alikaa meza moja na mabwana wapya. Kwa siri alimpelekea habari Edvard Beneš, rais aliyekuwa uhamishoni London, na kuwasaidia watu kutoroka nje ya nchi. Alitaka kujiuzulu, Beneš akamsihi avumilie. Wanazi walikuwa wakimsaka adui mitaani, kumbe kikulacho ki nguoni mwao.

Halafu kuna kisa cha mikate, ambacho kila nikikifikiria mwili unanisisimka. Septemba 1941 aliwaalika wahariri wa magazeti waliokuwa wakiwapigia debe Wanazi. Mezani palikuwa na vile vipande vya mkate vilivyopambwa juu, ambavyo Wacheki huwaandalia wageni hadi leo. Bila shaka umeshavila huko. Eliáš alikuwa amevitia sumu na vijidudu vya maradhi, kwa msaada wa daktari wake. Wageni wakaugua, na mmoja wao, Karel Lažnovský, akafa. Mimi nimelelewa kwamba mgeni akishakaa mkekani kwako ni amana, hata akiwa mbaya wako. Kwa hiyo hapo nasita. Lakini mtu anayefika hadi kuweka sumu katika sahani yake mwenyewe, huwezi kusema alikuwa kibaraka.

Mwisho wa mwezi huohuo Reinhard Heydrich, mmoja wa wakuu wa Wanazi, akatumwa kutawala Praha. Eliáš alikamatwa Septemba 27, na Oktoba 1 akahukumiwa kifo, kesi ya siku moja tu. Hawakumuua papo hapo. Walimweka kama rehani, miezi minane na zaidi, kila asubuhi akiamka na hukumu ile kichwani. Wapiganaji wa Kicheki na Kislovakia waliotumwa kutoka Uingereza wakamshambulia Heydrich, naye akafa Juni 4, 1942. Juni 19 Eliáš akapigwa risasi Kobylisy, uwanja wa shabaha hukohuko Praha.

Ila mwenzako aliyekubishia pale kilimani kwamba Eliáš hastahili kuitwa shujaa, usimpuuze. Serikali ya Eliáš ndiyo iliyoandaa kanuni za kuwabana Wayahudi, kuwatoa katika uwakili, udaktari na utumishi wa umma. Aliyefungiwa ofisi yake hakuwa na habari ya ujumbe wa siri wa London, na hata angekuwa nayo isingemrudishia kazi. Kiti kilichomficha jenerali ndicho kilichowaumiza wale. Mimi namwita shujaa, na doa hilo nalitaja kwa sauti ileile.

Majivu yake yalingoja hadi Mei 2006 ndipo yakapelekwa Vítkov. Ukipata siku, nenda na Kobylisy. Pale waliuawa watu zaidi ya 500 katika wiki chache za 1942, akiwemo mwandishi Vladislav Vančura. Nitafutie jina la Eliáš, unipigie picha. Na uvae koti zito.

Mama yako