Jibu: Bangili za mfupa kushushwa eti ni pembe za ndovu

Pole sana dada. Umesema bangili zako tatu za mfupa wa ng'ombe zimeshushwa kwenye duka lako la mtandaoni eti ni pembe za ndovu, na ukizipandisha upya zinashushwa tena. Acha kwanza kupandisha, mimi nilirudia hivyo mara mbili nikafungiwa duka zima siku kumi, oda zikalala.

Angalia kwanza maneno yako. Nauza shanga hapa Arusha, na yangu ilishushwa sababu niliandika rangi ni ivory nikimaanisha nyeupe ya maziwa, mashine ikasoma pembe ya ndovu basi, na hata nilivyobadilisha maelezo bado neno lilikuwa limebaki kwenye tagi na kwenye jina la picha. Futa kote.

Ndo ukate rufaa kwa wenye mtandao, ila usifute tangazo lenyewe, taja namba yake na uombe mtu asome. Piga picha ya karibu sana, juani. Mfupa una vitundu na vistari vyeusi vidogo vidogo, pembe ya ndovu haina hivyo, yenyewe ukiikata inaonyesha mistari inayopishana. Weka na picha ya fundi akikata mfupa wenyewe, hiyo kwangu ndo ilisaidia kuliko barua ndefu niliyoandika.

Vile vinyago vyako vya mpingo ulivyotaja ni kesi nyingine. Mpingo uko kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 2017, lakini tangu mwisho wa 2019 bidhaa iliyokamilika, mzigo usiozidi kilo 10 za mti huo, haidaiwi kibali cha CITES. Waandikie hivyo hivyo, na uzito weka.