Nilisaini miaka 15 kwa filamu ya dakika 84

Kila baada ya miezi 3 napata imeili kutoka kwa msambazaji, yani kampuni niliyosaini nayo mkataba wa kuuza filamu yangu ya kwanza, yenye ripoti ya mauzo. Nafungua, nashuka moja kwa moja mpaka mstari wa chini, na mstari wa chini siku zote ni sifuri. Pembeni kuna safu inaitwa gharama za soko, hiyo ndo inaonyesha deni ambalo filamu bado inalilipa kabla na mimi sijaguswa na hata shilingi. Na filamu inaangaliwa bana, watu wananitumia picha wakiwa wameiwasha kwenye TV zao, hongera sana, mi najibu asante sana, basi.

Sasa wiki hii kuna vijana wawili wameniuliza wanunue kamera gani. Nimeona nijibu hapa hapa kwa urefu, maana swali lenyewe limeshapitwa na wakati.

Zamani kamera ilikuwa kweli ndo ukuta. Robert Rodriguez alipotoa El Mariachi mwaka 1992 kwa dola kama 7,000 watu walishangaa kwa sababu ile ilikuwa filamu ya mkanda, unanunua mkanda, unalipia kuusafisha, ukikosea umeunguza hela. Afu 2008 ikaja Canon 5D Mark II, kamera ya picha za mnato ambayo inashuti video ya kueleweka, kila mtu akawa dairekta. 2015 Sean Baker akatoa Tangerine, ameshuti kwa iPhone 5s na kilensi cha kubandika mbele, na huyo huyo mwaka 2025 amebeba Oscar ya filamu bora kwa Anora. Programu ya kuediti kama DaVinci Resolve unapakua bure. Kwahiyo mlango wa kuingilia uko wazi, tumeingia wote, msongamano wote umehamia kwenye mlango wa kutokea na pale ndo watu wanakanyagana.

Sisi wengi tuliharibiwa na hadithi moja. The Blair Witch Project, 1999, inaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Sundance kule Marekani, inanunuliwa kwa dola milioni 1 na kidogo, inaingiza karibu milioni 248 duniani. Ukishasikia hiyo huwezi kulala. Ila angalia ilikuwa enzi gani, msambazaji wa wakati ule alikuwa anajua filamu ikitoka kwenye majumba kuna DVD na kanda zinamsubiri, kwahiyo alikuwa na ujasiri wa kukupa hela mkononi kwanza. Netflix walipoanza kuonyesha filamu mtandaoni 2007, taratibu ile hela ya DVD ikakauka, na ikipungua huku ujasiri nao unapungua kule. Kikaja kipindi majukwaa makubwa ya kuonyesha filamu mtandaoni yakawa yananunua kwa fujo kwenye matamasha, Apple walitoa dola milioni 25 kuichukua filamu ya CODA mwaka 2021, na kweli mwaka uliofuata ikabeba Oscar. Mwaka huo huo wa 2021 Amazon wakaacha kupokea dokumentari na filamu fupi ambazo watu walikuwa wanajipandishia wenyewe. Yani milango miwili ya nyumba moja, mkubwa umefunguliwa kwa mmoja, mdogo umefungwa kwa maelfu. Siku hizi wasambazaji wengi hawakupi chochote mwanzoni, wanakuambia tutagawana kinachopatikana. Shida iko kwenye hicho "kinachopatikana".

Nikupe hesabu ya mkataba wangu, chukua mia. Jukwaa linakata 30, inabaki 70. Msambazaji asilimia 30 ya hiyo 70, ni 21, inabaki 49. Kuna wakala wa mauzo aliyenitafutia huyo msambazaji, asilimia 20, karibu 10, inabaki 39. Hapo umeshaanza kujipanga na hiyo 39 si ndio? Hapana, hapo ndo gharama zinaanza kukatwa: bango jipya la filamu (sikuliomba), trela mpya (mbaya kuliko yangu), safari ya kwenda kwenye soko la filamu ambako walikuwa na filamu nyingine kibao na nina wasiwasi kila mmoja wetu alilipia tiketi ile ile. Mkataba ulisema "gharama zinazostahili" bila kikomo. Maneno mawili tu hayo ndo yamenila.

Kwahiyo kama utakumbuka kitu kimoja kwenye hii makala, omba kikomo cha gharama, namba kabisa iandikwe, na ikizidi hapo waje wakuombe ruhusa kwa maandishi. Niliogopa kuomba nikidhani wataondoka. Baadaye nimekuja kujua wenzangu waliomba na wakapewa siku hiyo hiyo.

Na muda. Nilisaini miaka 15, dunia nzima, kwa njia zote "zinazojulikana na zitakazobuniwa baadaye", nikaona hiyo sentensi ni ya kishairi hivi. Siku hizi sisaini zaidi ya miaka 5, wakikaza sana 7, naacha haki ya kuuza kwenye tovuti yangu na kuonyesha mwenyewe kwenye kumbi, na lazima kiwepo kipengele kwamba kampuni ikifa filamu inarudi kwangu. Usicheke, kampuni zinakufa. Mwaka 2019 kuna moja ya Marekani, kazi yake ilikuwa kupandishia watengenezaji huru filamu zao kwenye majukwaa, ilianguka na hela za watu zikanasa humo humo.

Tuje kwenye vitu vya kumkabidhi msambazaji, hapa nina kidonda. Baada ya kusaini wakaniletea orodha ya kurasa 6. Namba 14 ilikuwa treki ya muziki na milio bila mazungumzo, ile ambayo wa nchi nyingine wanaitumia wakitaka kuingiza sauti za lugha yao. Sikuwa nayo. Aliyenifanyia sauti alikuwa ameshaunganisha kila kitu kimoja na mafaili ya mwanzo ameyafuta ili apate nafasi kwenye diski. Basi nikakaa usiku 4 chumbani, mablanketi yametundikwa ukutani, beseni la kokoto chini, nakanyaga kokoto huku naangalia miguu ya muigizaji kwenye skrini ili hatua zangu zilingane na zake. Alikuwa anachechemea kwenye scene nzima ya pili, tena mimi ndo niliyemwambia achechemee. Jirani alikuja kugonga mara mbili.

Afu redio. Kuna scene jikoni redio inapiga wimbo kwa nyuma, sekunde 11, nikawa najiambia nani atasikia. Wimbo una haki mbili, ya aliyeutunga na ya aliyeurekodi, unatakiwa uzipate zote, na mimi sikuwa na hata moja. Kuufuta haikuwezekana kwa sababu maneno ya muigizaji wangu yamerekodiwa juu yake, kwahiyo scene ikakatwa yote. Ilikuwa scene yake bora. Mpaka leo hajaniuliza imeenda wapi na mi sijamwambia. Zima redio siku ya kushuti, weka wimbo baadaye ukiwa na karatasi. Na kila aliyetokea kwenye kamera asaini karatasi ya ruhusa kabla hajaenda nyumbani, siyo wiki ijayo, wiki ijayo watu wanabadilisha namba.

Filamu ya pili sikumpelekea mtu. Niliangalia wale wa filamu ya Hundreds of Beavers, waliotengeneza kwa dola kama 150,000, mwaka 2024 wakaizungusha wenyewe ukumbi kwa ukumbi na watu wamevaa mavazi ya wanyama wa kwenye filamu, nikasema sina mavazi ila miguu ninayo. Usiku wa kwanza walikuja watu 23, watatu ni ndugu zangu. Tena kituko, nilikuwa nimetengeneza faili la ukumbi mwenyewe, maana majumba ya sinema yanataka ule mfumo wao wa DCP siyo flashi yenye mp4 (kuna programu ya bure inaitwa DCP-o-matic), nikakosea chaneli ya katikati, muziki ukatoka safi mazungumzo hakuna. Dakika 6 watu wanaangalia midomo inachezacheza. Fundi akasimamisha, mi nikasimama mbele nikaanza kupiga stori kujaza muda, na nakuambia zile stori ndo watu walizisifia kuliko filamu. Toka siku hiyo kila onyesho nasimama mbele, hata kama mitambo iko sawa. Na siku hizi naenda kujaribu faili asubuhi yake.

Nilichofanya cha maana zaidi usiku ule ni kusimama mlangoni na daftari watu wakitoka, andika jina na imeili ukipenda. Jukwaa halikuambii nani ameangalia filamu yako, linakupa namba tu, lakini daftari ni watu. Filamu ilipoingia kwenye tovuti yangu kukodishwa, wengi wa waliolipa wiki ya kwanza walitoka kwenye daftari au waliletwa na wa kwenye daftari. Baadaye ndo nikaipeleka kwenye majukwaa ya bure yenye matangazo, yale kama Tubi ambayo Fox waliinunua 2020 kwa dola milioni 440. Kwa kila mtazamaji hela yake ni ndogo sana, ila inaingia, wakati kule kwa kulipia kwa mwezi hakuna aliyenijibu hata imeili. Tahadhari tu, usianzie huko, ukishaiweka bure hakuna atakayeilipia tena, na matamasha mengi yakiona iko wazi mtandaoni hayaichukui.

Kwa wale vijana wawili sasa. Hela ya kamera mpya msinunulie kamera. Azimeni kamera, tafuteni mtu wa sauti anayejua kutunza mafaili na mlipeni vizuri, na robo ya bajeti ikae pembeni isiguswe mpaka filamu iishe, hiyo ndo ya kuitembeza. Najua mtaigusa, wote tunaigusa ikifika wiki ya tatu ya kushuti na mvua inanyesha. Basi ikae kwa mtu mwenye roho ngumu, yangu inakaa kwa dada yangu na nimemwomba mara 5 amenikatalia zote.

Filamu ya kwanza inarudi kwangu baada ya miaka 8 na miezi kadhaa, nimeiweka kwenye kalenda ya simu. Ile scene ya jikoni bado ninayo kwenye diski mbili tofauti.