Asubuhi stata inazunguka kwa uzito: ninunue betri mpya?

SWALI: Nina Toyota IST, betri yake ina miaka miwili na nusu. Asubuhi stata inazunguka kwa uzito na taa za dashibodi zinafifia. Likishawaka, siku nzima halinisumbui. Fundi anasema betri imekufa. Nimwamini? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Dada yangu, huenda fundi yuko sahihi, lakini usitoe hela kabla ya kupima. Joto ndilo linalomaliza betri, na kwa joto letu miaka miwili na nusu ni umri wa kuanza kuishuku. Ila dalili hizohizo huletwa pia na vichwa vya betri vyenye ukungu mweupe, au waya uliolegea.

Niliwahi kuletewa teksi iliyobadilishiwa betri mbili ndani ya mwaka mmoja. Nikashika kichwa cha hasi, kikazunguka kwa vidole viwili tu. Nikakisugua kwa brashi ya waya, nikakaza nati kwa spana namba 10, gari likawaka papo hapo. Iliniuma sana, maana hela ile ya betri ilikuwa ya watoto wa mwenye teksi.

Kwa hiyo anzeni na vichwa. Hasi ichomolewe kwanza, na wakati wa kurudisha iwe ya mwisho.

Kisha pimeni kwa mita asubuhi, kabla ya kuwasha chochote. Volti 12.6 ni betri iliyojaa; 12.2 imebaki kama nusu, basi ichajiwe kwanza. Namba hiyo peke yake inaweza kudanganya: betri iliyochoka husoma vizuri ikiwa imetulia, ikipewa kazi inalala. Kipimo ninachokiamini ni cha wakati wa kupiga stata. Wewe washa, fundi atazame mita. Betri iliyojaa ikishuka chini ya 9.6, hiyo imekwisha, nunua nyingine. Ikibaki juu ya 10 na stata bado ni nzito, atafute kwenye nyaya au stata yenyewe.

Injini ikiwa inanguruma, mita isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikiganda kwenye 12, altaneta (kifaa kinachochaji betri injini ikizunguka) haichaji, na hata betri mpya utaiua.

Betri iliyovimba ubavuni, au inayonuka kama yai viza, haina haja ya kipimo. Itolewe, na moto wa aina yoyote usiwe karibu.

Na tafadhali, kama ni betri ya vifuniko, usikubali kuongezewa maji makali, yaani asidi. Kinachopungua kwa joto ni maji, asidi inabaki humo humo. Ongeza maji safi ya betri tu. Nimeona betri nyingi zilizokuwa nzima zikiuawa hivyo.

Ukishapima, niandikie namba tatu: ya asubuhi, ya kupiga stata, na ya injini ikiwaka. Nitakwambia cha kununua.