Gesi ya Radoni na Mipasuko ya Ardhi: Majibu kwa Wasomaji

Swali: Ndugu Mhariri, hapa Bahati niliwaona vijana wakipigilia bomba la chuma shambani kwa jirani na kuvuta hewa, wakidai kwamba wanatafuta mpasuko. Hewa inauonyeshaje? (Msomaji, Nakuru)

Jibu: Wanachokitafuta katika hewa hiyo ni radoni, gesi yenye mnururisho. Huzaliwa wakati radiamu, elementi yenye mnururisho iliyomo katika miamba na udongo, inapovunjika. Kwa kuwa nusu yake hutoweka kila baada ya siku 3.8, haifiki mbali inapopenya polepole katika udongo ulioshikamana. Penye mpasuko, hata hivyo, miamba imesagika na ina nyufa, na hewa ya ukaa inayopanda kutoka chini huibeba radoni haraka. Ndiyo maana wapimaji hutembea kwa mstari unaoukata mpasuko unaodhaniwa, wakichomeka bomba hadi kina cha kati ya nusu mita na mita moja, kisha wakishindilia udongo kuzunguka bomba kwa kisigino ili hewa ya juu isiingie. Kazi hii ya kisigino huonekana ndogo, lakini akiizembea mtu, kipimo chake hakina maana. Namba zikipanda ghafla kisha zikashuka, mahali hapo panastahili kuchunguzwa zaidi. Hupimwa pia ndugu yake, thoroni, aina nyingine ya radoni ambayo nusu yake huisha kwa sekunde 56 hivi: radoni ikiwa nyingi na thoroni kidogo, yaelekea gesi imetoka mbali chini.

Swali: Je, vipimo hivi vitatuambia tetemeko litakuja lini? (Msomaji, Subukia)

Jibu: La. Najua kwenu swali hili si la mchezo, kwani tetemeko la tarehe 6 Januari 1928, lenye ukubwa wa takriban 6.9, lilipasua ardhi kando ya genge la Laikipia na Marmanet. Ni kweli kwamba kabla ya tetemeko la Kobe, Japani, mwaka 1995, radoni iliongezeka katika maji ya chini ya ardhi. Lakini mvua na kushuka kwa kanieneo ya hewa pia huibadilisha, na mara nyingi hupanda pasipo tetemeko lolote. Radoni huonyesha mpasuko ulipo. Atakayekutajia tarehe, usimsadiki.

Swali: Mbona radoni hupimwa pia kwenye volkano ya Menengai, penye mvuke? (Msomaji, Nakuru)

Jibu: Kwa sababu nyufa zinazopitisha gesi zaweza kupitisha mvuke pia, na wachimba visima vya mvuke hutaka kujua zilipo.

Swali: Sisi wa Ahero tuko mbali na Bonde la Ufa. Kwetu kuna mipasuko? (Msomaji, Kisumu)

Jibu: Ipo. Tawi la Bonde la Ufa huelekea magharibi hadi Ghuba ya Winam, na genge la Nyando, lililo kaskazini mwa nyanda za Kano, ni ukingo wa mpasuko. Kupima nyandani kwenu ndiko kugumu: udongo mweusi wa mfinyanzi huvimba na kuziba njia za gesi wakati wa mvua, na wakati wa kiangazi hupasuka wenyewe, hivi kwamba mpimaji asiye makini huweza kudhani ufa wa ukame ni mpasuko wa miamba. Ningeanzia chini ya genge, si katikati ya mashamba ya mpunga.