Spika mpya kwenye Hiace ya kulalia: anza na mlango

Wenye Hiace za zamani walizozigeuza kuwa nyumba ya safari huniuliza wanunue spika gani. Mimi huwauliza kwanza kama wamewahi kufungua mlango wakaona kilichomo ndani. Spika husukuma hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Sauti ya nyuma ikipata upenyo wa kurudi mbele, zinakutana na kuuana, na besi ndiyo inayopotea kwanza. Sasa mlango wa Hiace ya H100, zile zilizoanza kutoka mwaka 1989, ni bati jembamba lenye matundu mengi, na ile nailoni ya ndani mara nyingi ilishachanwa zamani na mafundi wa vioo. Ndiyo maana mtu hufunga spika za bei kubwa na muziki ukabaki kama unatoka kwenye simu.

Gari langu ni la dizeli, injini ya 3L (hilo ni jina la injini, si lita tatu), na injini hiyo iko chini ya viti vya mbele. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza haikugusa spika hata kidogo. Niliinua viti nikabadilisha mpira unaoziba mfuniko wa injini, ambao ulikuwa umekauka na kukatika. Kelele ilipungua nikaanza kusikia maneno ya nyimbo kwa sauti ileile ya redio. Fanyeni hivyo kabla ya kutoa shilingi yoyote Kariakoo.

Kisha njoo kwenye mlango. Toa kava, safisha bati kwa spiriti, bandika shiti za butili (mpira laini unaonata) zenye alumini juu. Zianze kwenye bati la nje, upande wa ndani, nyuma ya pale spika itakapokaa, halafu uzibe matundu makubwa ya bati la ndani. Huna haja ya kufunika kila sehemu. Ukigonga bati kwa kidole likatoa mlio mzito usio na mwangwi, inatosha. Shiti za lami ni nafuu, lakini gari likishinda juani Dar es Salaam zinalegea na kunuka, na wewe unalala humo. Matundu madogo yaliyo chini kabisa ya mlango usiyazibe kamwe. Maji ya mvua huteremka na kioo na kutokea hapo. Ukiyafungia ndani, mlango utaliwa na kutu.

Kwa ajili ya maji hayohayo siwashauri pete za mbao. Spika nyingi za dukani hazilingani na matundu ya bolti ya Toyota, hivyo pete ya kuzikalia inahitajika. Mimi huikata kwenye ubao mnene wa plastiki wa kukatia mboga. Hauvimbi, hauozi, na msumeno mdogo unaukata vizuri. Shusha kioo mpaka mwisho ndipo upime kina cha sumaku ya nyuma ya spika, isije ikagusana na kioo. Weka sponji nyembamba kati ya pete na bati, na nyingine kati ya spika na kava, ili sauti ije kwako isiishie ndani ya mlango.

Kwenye kuchagua spika, wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi zisikuyumbishe. Redio isiyo na amplifaya, hata ikiandikwa 50W x 4, kwa umeme wa gari hutoa wati 20 na ushee tu safi kwa kila spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Angalia dB, yaani spika inalia kwa nguvu kiasi gani kwa umeme uleule. Spika ya 89 dB inahitaji nguvu mara mbili ya ile ya 92 dB ili zilie sawa. Pwani, chagua koni (ile sehemu ya spika inayotikisika) ya plastiki. Ya karatasi hunyonya unyevu. Kama bado una redio ya Kijapani inayoishia FM 90, haishiki stesheni zilizo juu ya hapo, ibadilishe papo hapo.

Kabla ya kurudisha kava, gusisha nyaya za kila spika kwenye betri ndogo ya volti 1.5 kwa sekunde moja. Chanya ikiwa kwenye chanya, koni hutoka nje. Moja ikitoka na nyingine ikiingia, zitapingana na besi itapotea tena.

Nyuma, penye kitanda, usitoboe mlango wa kuteleza. Jenga vijiboksi vilivyozibwa ndani ya makabati, na kabla ya kuwasha drili hakikisha unajua bomba la gesi na nyaya zinapita wapi. Usiku unazima za mbele kwenye redio, unabaki na hizo mbili kwa sauti ndogo, na majirani wa kambi wanalala.

Ukiongeza amplifaya, ichukue umeme kwenye betri ya pili inayolisha taa na friji, ili asubuhi gari liwake. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, kabla waya haujapita kwenye bati lolote. Na wenye Coaster, pimeni kwanza: nyingi ni volti 24, zinahitaji kifaa cha kushusha umeme. Fundi akitaka kuchukua volti 12 kwenye betri moja kati ya zile mbili, mkatazeni. Moja itakuwa inaishiwa huku nyingine inazidishiwa chaji, na mtanunua zote mbili mapema.