Maswali ya Wasomaji: Uzi wa Rangi Nyingi Unapogoma Kwenye Sindano

*Mafundi, hamjambo. Nimemfumia mwanangu wa miaka kumi sweta kwa uzi wa rangi nne: nyekundu, manjano, kijani na buluu. Kwenye donge ulipendeza ajabu. Sasa kifua kimegawanyika katikati, upande mmoja nyekundu na buluu, upande wa pili manjano na kijani, kama sweta mbili zilizounganishwa. Mikono nayo imetoka milia myembamba. Uzi ni uleule, sindano ni zilezile. Nimekosea wapi?*
Mama wa wanne, Section 58, Nakuru

Hatujambo, mama. Mkono wako hauna kosa. Kilichokuponza ni hesabu ambayo haiandikwi kwenye karatasi ya donge.

Uzi wa namna hii hutiwa rangi kwa vipande vya urefu unaojirudia. Kutoka mwanzo wa nyekundu hadi mwanzo wa nyekundu inayofuata ni mzunguko mmoja. Unapofuma kwa kwenda na kurudi, cha kupima ni mistari miwili ya vitanzi kwa pamoja, wa kwenda na wa kurudi. Ikila uzi sawa na mzunguko mmoja kamili, au miwili, au mitatu, kila rangi hurudi palepale ilipokuwa na kujirundika.

Tukikisia kwa maelezo yako, kila rangi ina kama sentimita 60, basi mzunguko ni sentimita 240. Kifua cha vitanzi 100, kila kitanzi kikila sentimita 1.2, kinameza sentimita 120 kwa mstari, yaani rangi mbili. Unakwenda na nyekundu kisha manjano. Unarudi na kijani juu ya manjano, halafu buluu juu ya nyekundu. Mstari wa tatu unaanza tena na nyekundu, na mambo ni yaleyale hadi shingoni. Mkono wa vitanzi 50 unakula sentimita 60 kwa mstari, rangi moja nzima, ndiyo maana ukatoka milia. Ukiutazama vizuri kuelekea begani, ulikoongeza vitanzi, utaona milia hiyo imeanza kuvunjika.

Safari ijayo pima kabla ya kuanza. Anzisha vitanzi 20, fuma mistari kumi, kisha kwenye mstari wa kumi na moja funga kijiuzi cha rangi nyingine mwanzoni na mwishoni. Fumua mstari huo mmoja, unyooshe bila kuuvuta, upime, ugawe kwa 20. Hapo una urefu wa kitanzi chako wewe, kwa mkono wako, si wa jirani. Kisha tandaza uzi mezani upime mzunguko wa rangi.

Kuhusu sweta uliyo nayo, tunakushauri ufumue kifua, mikono uiache. Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge mahali panne, uloweshe na uuanike ili mikunjo inyooke. Kisha fuma kwa madonge mawili ukibadilishana kila baada ya mistari miwili. Na hapa ndipo wengi hukosea: ukianza yote mawili na nyekundu, hutapata tofauti yoyote. La kwanza lianze na nyekundu, la pili na kijani, nusu ya mzunguko mbele. Rangi zote nne zitafika pande zote mbili. Pembeni pa kubadilishia, pitisha uzi ukiwa umelegea kidogo. Ukiukaza, ubavu wa sweta hujikunja.

Kuongeza vitanzi vinne hivi pia husogeza rangi, lakini polepole, kama sentimita 10 kila mistari miwili. Utapata mawimbi ya mshazari. Wapo wanaoyapenda. Sisi tungechagua madonge mawili.

*Madukani hapa kila uzi unaitwa wa sufu. Nitajuaje ulio wa kweli? Nataka kushona kroshia ya blauzi ya kuvaa hapa Kisumu.*
Msomaji, Kondele

Madonge mengi yenye rangi za kung'aa ni akriliki, ndugu wa uzi wanaosukia nywele. Omba kipande cha sentimita 5, ukishike kwa kibano cha chuma juu ya sufuria yenye maji, ukiwashe. Sufu hunuka nywele zilizoungua, hujizimia yenyewe, na majivu yake husagika ukiyabonyeza. Akriliki huyeyuka, hudondoka, na kuacha kishanga kigumu. Usiishike kwa vidole, kwani matone yake hugandia ngozi. Pamba hunuka karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu.

Kwa blauzi ya Kisumu, achana na zote mbili. Akriliki hainywi jasho, na sufu itakuchemsha. Tafuta pamba ya rangi nyingi, nyembamba, na sindano ya milimita 3 au 3.5, ushone kwa mshono wa wavu. Pia usinunue rangi chini ya taa ya duka. Toka nayo hadi mlangoni, kwenye mwanga wa jua, ndipo uamue.

*Nangoja mtoto wa kaka yangu azaliwe. Nina wazo la blanketi la kroshia: uzi wa rangi nyingi ukipishana na wa rangi moja. Nichague rangi gani ya pili, na ninunue kiasi gani?*
Shangazi, Lurambi, Kakamega

Hongera, shangazi. Wengi huchagua rangi iliyomo tayari ndani ya uzi wa rangi nyingi wakidhani ndiyo itakayoafikiana. Ikiwa umechukua buluu, basi kila buluu ya donge inapopita juu ya mstari wa buluu, vitanzi vinamezana, na ruwaza yako inaonekana kama imetoboka. Chukua rangi isiyomo kabisa, na iliyo nzito au nyepesi kuliko zote zilizomo. Kwa uzi wa waridi, manjano na kijani kibichi, kijivu kizito kinafaa sana. Krimu inafaa ikiwa manjano yake si hafifu.

Simu yako inaweza kukuamulia. Weka madonge pamoja kando ya dirisha, piga picha, uigeuze kuwa nyeusi na nyeupe. Yakionekana kijivu kimoja, rudisha moja.

Blanketi la sentimita 75 kwa 90, kwa uzi wa unene wa kati na sindano ya milimita 4, hula kama gramu 400 hadi 500. Kroshia hula karibu thuluthi moja zaidi ya kufuma, kwa hivyo usikadirie kwa sweta ulizozoea. Nunua yote siku moja, na usome nambari ya loti, yaani ya kundi la uzi uliotiwa rangi pamoja, kwenye karatasi ya kila donge. Zikitofautiana, rangi nazo zinaweza kutofautiana, na hutaligundua hilo mpaka blanketi litandikwe.

*Sufu niliyonunua ikiwa imetiwa rangi kwa mkono imetoa wekundu ukaingia kwenye nyeupe. Nimeambiwa niloweke kwenye chumvi.*
Mwanafunzi wa ufundi, Molo

Chumvi haitakusaidia, haishikishi rangi kwenye sufu iliyokwisha kufumwa. Loweka sasa hivi, kabla haijakauka, kwenye beseni la maji baridi mengi yenye tone la sabuni laini. Badilisha maji hadi yawe safi, yote yakiwa baridi vilevile. Usisugue wala kukamua kwa kusokota, maana sufu itagandamana na kusinyaa. Ibonyeze ndani ya taulo na uikaushe ikiwa imelala, kivulini. Kabla ya kuanza kazi nyingine, lowesha kipande cha sentimita 30 kwenye maji ya vuguvugu na ukibane ndani ya kitambaa cheupe kwa dakika kumi. Kikitoa rangi, suuza uzi wote kwanza, kabla hata kitanzi kimoja hakijaingia kwenye sindano.